Diatribe na Suto: Juu ya Majina ya Lawama Kali

Nia ya makala haya ni kulichunguza neno moja la Kiingereza, diatribe, ambalo wasomi wetu hulitumia kwa wepesi wanapoandika Kiingereza na ambalo huwashinda wanapotakiwa kulieleza kwa Kiswahili. Sikulichagua kwa sababu ya uzuri wake. Nimelichagua kwa kuwa ni jina la lawama kali, na majina ambayo watu huipa lawama kali ndiyo huamua lawama ipi ijibiwe na ipi itupwe bila ya kusikilizwa. Jambo hilo lina uzito katika uhakiki wa fasihi, na katika nchi hii limewahi kumtia mshairi gerezani.

Niseme kwanza jinsi nilivyokutana na neno lenyewe. Nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ng'ambo, insha yangu ya kwanza, ambayo ndani yake nilikishambulia kitabu kimoja cha historia ya fasihi ya Kiswahili, ilirudishwa ikiwa na neno hilo peke yake pembeni mwa ukurasa wa tatu, limepigiwa mstari. Maelezo hayakuwapo. Nikafungua kamusi, nikafahamu kwamba nimeambiwa kuwa maneno yangu ni marefu, ni machungu, na hayastahili jibu. Kama niliyoyasema juu ya kitabu kile yalikuwa ya kweli au ya uwongo, sikuambiwa, wala sijaambiwa mpaka leo. Miaka ikapita. Siku moja, nikisahihisha kazi za wanafunzi wangu mwenyewe, mkono wangu ukaliandika neno lile lile pembeni mwa insha ya msichana mmoja aliyekuwa amemshambulia mshairi ninayempenda. Yeye alifanya nisilothubutu kulifanya mimi. Alikuja ofisini, akaiweka karatasi mezani, akaniuliza, "Mwalimu, neno hili kwa Kiswahili ni nini?" Sikuwa na jibu. Haya yafuatayo ni jibu lililochelewa.

Katika Kiingereza cha leo, diatribe ni maneno ya kulaumu yaliyo marefu na yenye uchungu, yanayomiminwa upande mmoja dhidi ya mtu, kitabu, chama au desturi. Urefu ni sharti mojawapo: sentensi moja, hata iwe kali namna gani, haiwezi kuitwa hivyo. Uchungu ni sharti jingine, kwani lawama ndefu inayotolewa kwa utulivu hupewa jina la heshima zaidi. Kwa sifa hizi neno hili hutofautiana na jirani zake. Kiingereza kina neno philippic, ambalo asili yake ni hotuba za Demosthenes dhidi ya Philip, mfalme wa Makedonia, katika karne ya 4 kabla ya Kristo. Cicero naye akaliazima jina hilo kwa hotuba zake 14 dhidi ya Mark Antony za mwaka 44 na 43 K.K., hotuba ambazo ziliponza maisha yake. Neno hilo lingali na heshima fulani, maana linatukumbusha msemaji hodari aliyesimama kumkabili mwenye nguvu. Diatribe halina heshima hiyo hata kidogo.

Alama yake kubwa, hata hivyo, ni nyingine. Hakuna mtu anayelitumia kwa maneno yake mwenyewe, isipokuwa kwa mzaha. Mtu atasema kwamba amehakiki, amekosoa, amepinga, hata kwamba amekaripia. Hatasema kwamba ametoa diatribe. Jina hilo hutolewa na msikilizaji, na aghalabu na msikilizaji aliyeguswa. Kwa hivyo ni kosa kulifafanua kana kwamba linaeleza tu yaliyosemwa. Linaeleza pia uamuzi wa aliyeyasikia kwamba hatayajibu, na kwa kulitamka tu anakuwa amesamehewa kazi ya kuyajibu. Hapa ndipo tafsiri za haraka haraka, kama "lawama kali" au "maneno makali", zinapokosea shabaha: zinaubeba ukali na kuuacha uamuzi.

Ajabu ni kwamba asili ya neno hili ni kinyume kabisa cha hayo. Linatokana na kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kusugua, kusugua mpaka kitu kikalika. Kutokana na hapo likapata maana ya kuupitisha wakati, kisha shughuli ambayo mtu hupitishia wakati wake, kisha mazungumzo ya mwalimu na wanafunzi wake, hata mwishowe mahali penyewe pa kufundishia. Plato, katika kuyasimulia mashtaka ya Socrates ya mwaka 399 K.K., anamfanya Socrates alitumie neno hilo kuyataja mazungumzo yake ambayo raia wenzake wa Athens walishindwa kuyavumilia. Tunajua mwisho wake. Lakini neno alilolitumia halikuwa neno la kujilaumu. Aliyataja mazungumzo yake kama mtu wa Mvita anavyoweza kuitaja barza yake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa yapata mwaka 50 B.K., akaishi utumwani, akaachwa huru, na baadaye akafundisha katika mji wa Nicopolis huko Ugiriki. Yeye mwenyewe hakuandika kitabu. Mafundisho yake yaliandikwa na mwanafunzi wake Arrian, na vitabu vinne vilivyosalia hujulikana kwa Kigiriki kwa jina la Diatribai. Mwenye kuvifungua akitazamia matusi atapigwa na butwaa. Ukali umo, tena mwingi: mwalimu humkaripia kijana aliyesafiri mbali ili ajifunze kupanga hoja na ambaye hajaanza kuurekebisha mwenendo wake, humwuliza amekuja kutafuta nini, humdhihaki, humfokea. Ila kila karipio lina mtu wa kulijibu. Na kama hayupo wa kujibu, Epictetus humbuni. Humtia mpinzani maneno kinywani, humsikiliza, humjibu, humwacha apinge tena. Rudolf Bultmann, katika kitabu alichokitoa mwaka 1910, alionyesha jinsi mtindo huu unavyofanana na ule wa Paulo, na msomaji wa Waraka kwa Warumi anaweza kuuona mwenyewe katika sura ya 2 na ya 3, ambamo Paulo hujibizana na mtu asiyetajwa jina. Bultmann aliufikiria mtindo huo kuwa ni wa wahubiri wa njiani. Mwaka 1981 Stanley Stowers akatoa hoja kwamba mahali pake hasa palikuwa skulini, baina ya mwalimu na mwanafunzi, na ukali wake ulikuwa ukali wa mafunzo. Nakubaliana na Stowers, na sababu yangu moja si ya kitaalamu sana: yeyote aliyepata kukaa katika darsa msikitini huko Lamu au Mombasa, akamsikia shehe akimbana mwanafunzi kwa swali juu ya swali mbele ya wenzake, ataitambua sauti ya Epictetus bila ya kuhitaji kamusi.

Basi neno hili lilifikaje lilipo sasa? Hatua mbili zinatosha kutuonyesha njia. Mwaka 1524 Erasmus alitoa kitabu cha Kilatini juu ya hiari ya binadamu, akakiita diatribe, yaani mjadala. Kilikuwa kitabu cha upole, karibu cha woga. Mwaka uliofuata Martin Luther akamjibu, na katika jibu hilo alikichukua kichwa cha kitabu cha mwenziwe, akakifanya kuwa kama bibi mmoja mpayukaji, akawa anamsimanga bibi huyo ukurasa baada ya ukurasa. Kwa hiyo katika ugomvi ule aliyekuwa mkali ni Luther, na aliyebakia na jina ni Erasmus. Kisha mwaka 1752 Voltaire, akiwa mgeni wa Frederick wa Pili mfalme wa Prussia, aliandika kijitabu cha kumkejeli Maupertuis, rais wa Chuo cha Sayansi cha Berlin, ambaye alikuwa ametumia cheo chake kumwonea mtaalamu mwenziwe katika mabishano ya kisayansi. Kijitabu hicho kilibeba neno diatribe katika jina lake. Mfalme aliamuru kichomwe moto hadharani, kikachomwa Berlin mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Waingereza nao, ambao kwa muda mrefu walikuwa wakilitumia neno hilo kwa maana ya hotuba au makala ya kitaalamu, walianza mwanzoni mwa karne ya 19 kulitumia kwa maana ya ukali, na yaonekana waliipata maana hiyo kwa Wafaransa. Maana ya zamani ikafifia.

Kwa maoni yangu historia hii si kisa cha neno lililoharibika lenyewe kama embe linavyooza. Jina la mazungumzo liligeuzwa kuwa jina la kelele hatua kwa hatua, na katika hatua zile tulizozitaja alikuwapo mtu mwenye sababu ya kutotaka mazungumzo yaendelee.

Turudi sasa kwenye lugha yetu, ambayo maneno yake ya lawama ni mengi na yana tofauti zinazostahili kutunzwa. Neno tulilolichagua kwa kazi yetu sisi wasomi ni uhakiki, la asili ya Kiarabu, lenye mzizi mmoja na haki na hakika. Anayehakiki anatafuta kuthibitisha. Kukosoa ni neno zuri kuliko linavyothaminiwa. Limeundwa kutokana na kosa kwa kiambishi kile kile cha kutendua tunachokiona katika chomeka na chomoa. Anayekosoa, kwa muundo wa neno lenyewe, anaondoa kosa. Hatoshelezwi na kulionyesha. Kulaumu kuna huzuni ndani yake, kwani watu hulaumiana pale ambapo wana haki ya kutazamiana mema. Kukaripia na kukemea ni kwa mkubwa dhidi ya mdogo, na ndiyo maana mwanafunzi akiandika kwamba "mhakiki amemkaripia mwandishi" tunahisi pana cheo kilichoibwa. Kufoka ni lugha ya jikoni: chungu kinachochemka kupita kiasi hufoka, na povu lake huzima moto wenyewe.

Shutuma ina kisa chake. Asili yake ni kitenzi cha Kiarabu chenye maana ya kutukana, na katika Kiswahili cha wazee kumshutumu mtu ni kumtolea maneno mabaya. Magazeti na idhaa zimelipandisha neno hili cheo. Siku hizi serikali huyashutumu mashambulizi, mabalozi huwashutumu wapinduzi, na vyama hushutumiana kila wiki. Sina ugomvi na maendeleo ya lugha. Ninachokiona ni kwamba neno hili, katika kupanda kwake, limekuja na harufu ya kule lilikotoka, hata lawama yenye ushahidi na tusi lisilo na ushahidi vimetiwa katika kapu moja, na msomaji haambiwi kipi ni kipi. Kashfa nayo imekwenda njia ya kusikitisha zaidi. Kwa Kiarabu kukashifu ni kufunua kilichofunikwa. Katika lugha ya mahakama zetu kashfa imekuwa kulichafua jina la mtu. Yaani neno la kufichua limekuwa neno la kuchafua, na huo ni udugu wa karibu na diatribe.

Ila neno ninalotaka kukaa nalo ni kusuta. Hili ni la Kibantu, na sidhani kwamba Kiingereza kina neno moja la kulilipa. Kumsuta mtu ni kumkabili kwa jambo alilolisema au alilolitenda, uso kwa uso, ukiwa na ushahidi. Wenyeji wa pwani na visiwani wanajua kwamba kusuta ni jambo zito lenye taratibu zake. Aliyesengenywa haendi peke yake. Huandamana na yule aliyemletea maneno, na watu wengine wa kushuhudia, wakaenda mpaka mlangoni kwa aliyeyasema. Hapo huulizwa: fulani, siku fulani, mbele ya fulani, hukusema hivi na hivi? Na fulani yule yupo, anasikia. Aliyeulizwa ana nafasi ya kukana. Akishindwa kukana, amesutwa, na kimya chake ndiyo hukumu. Upande wa pili, suto likimkuta hana hatia, aibu humrudia aliyekuja kusuta, na mtaa mzima utaisikia. Kwa sababu hiyo watu hawasuti ovyo.

Tazama basi jinsi lugha ilivyoligawa eneo hili. Kusengenya ni kwa asiyekuwapo. Kijembe na fumbo ni kwa aliyepo lakini hatajwi, naye huachiwa ajitambue. Kanga na taarabu zimeifanya kazi hiyo kwa vizazi. Kusuta ni kwa aliyepo na anayetajwa. Kipimo hapa si ukali, maana kijembe chaweza kukata kuliko suto. Kipimo ni kama anayelaumiwa amepewa mahali pa kusimama ajibu. Na pana ushahidi mwingine ulio ndani ya sarufi ya kila siku. Husema nafsi yake ilimsuta, dhamiri yamsuta. Lakini hakuna asemaye kwamba nafsi yake ilimtukana. Nafsi haiwezi kutukana, kwa kuwa inazungumza na mtu anayeijua kweli ya jambo, na suto hudai hilo: kwamba kweli iko mahali inapoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Washairi wetu wa kale walilijua hili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, na ambaye tungo zake zilifanyiwa uchunguzi wa kina na Mohamed Abdulaziz katika kitabu chake cha mwaka 1979, aliwatungia mahasimu wa mji wake mashairi makali. Lamu nayo ilikuwa na washairi wake, Zahidi Mngumi miongoni mwao, nao hawakukaa kimya. Mshairi anayejibu katika mila hii aghalabu huyafuata maneno ya mwenziwe, mara nyingi hata vina vyake, na desturi hiyo ya kujibizana ilihamia katika kurasa za mashairi za magazeti. Ukali ulikuwapo wa kutosha, tena ukali wa vita. Lakini umbo lenyewe la shairi lilimwachia mpinzani mlango.

Sasa nije kwenye jambo nililolidokeza mwanzoni. Mwaka 1968 Abdilatif Abdalla, kijana wa Mombasa mwenye umri wa miaka 22, aliandika waraka wa kuilaumu serikali, ukasambazwa kwa siri. Jina lake lilikuwa Kenya: Twendapi? Msomaji aliangalie jina hilo kama mwanasarufi. Ni sentensi ya kuuliza, yenye nafsi ya kwanza wingi. Mwandishi hajitoi katika safari. Yumo chomboni pamoja na nahodha, naye anauliza bandari. Hiyo ni sarufi ya mtu anayetaka kujibiwa. Jibu lililotoka lilikuwa ni kulibadilisha jina la kitendo chake. Alishtakiwa kwa uchochezi dhidi ya serikali, akatumikia kifungo cha miaka mitatu, kuanzia mwaka 1969 hadi 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata kitabu hicho kikapewa tuzo iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ilimfunga.

Uchochezi ni neno lingine la jikoni. Mpishi huchochea kwa kuzisukuma kuni ndani ili moto ushike vizuri, na mtu hawezi kuchochea mahali pasipo na moto. Aliyelichagua neno hilo litumike mahakamani hakukusudia kukiri kwamba moto ulikuwapo kabla ya mchochezi, lakini neno limekiri kwa niaba yake. Kosa hilo liliondolewa katika sheria za Kenya mwaka 1997, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikakibatilisha kifungu cha 194 cha sheria ya adhabu kilichoifanya kashfa kuwa jinai. Sheria imesogea. Msamiati wetu haujasogea sana: bado ni rahisi katika nchi hii kumwita mtu mtusi na kuliacha swali lake likining'inia.

Haitakuwa haki kuwalaumu wenye madaraka peke yao, kwani sisi wahakiki wa fasihi tumefanya vivyo hivyo katika nyumba yetu. Mgogoro wa ushairi uliopamba moto miaka ya 1970, hasa baada ya Euphrase Kezilahabi kuitoa Kichomi mwaka 1974, unajulikana sana, na sina haja ya kuusimulia upya. Wapo waliosema kwamba utungo usio na vina na mizani si shairi; wapo waliosema kwamba vina na mizani ni pingu. Yaliandikwa mengi ya maana. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, kwa mfano, walijaribu kuijenga hoja yao juu ya misingi ya ushairi wenyewe, na mtu anayetaka kuwapinga anajua aanzie wapi. Lakini sehemu kubwa ya maneno yaliyotupwa huku na huku ilikuwa shutuma kwa maana yake ya zamani. Ilidaiwa mara kwa mara kwamba watungaji wa mashairi huru hawaijui arudhi, na kwamba wameikimbia kwa uvivu. Dai hilo lingeweza kuwa suto la haki kama mwenye kudai angekuja na diwani mkononi, akasema: tazama hapa, ubeti huu, mshororo huu, hivi ndivyo alivyojaribu na hivi ndivyo alivyoshindwa. Wachache walifanya hivyo. Na ilipotokea mwaka 1988 Chembe cha Moyo cha Alamin Mazrui, mtu wa Mombasa, wa ukoo uliotajwa katika tungo za Muyaka mwenyewe, aliyewekwa kizuizini bila ya kuhukumiwa mwaka 1982 na 1983, ikawa vigumu zaidi kuendelea kusema kwamba shairi huru ni kimbilio la wageni wasioijua mila. Diwani ile ilikuwa jibu. Sijaona kwamba waliokuwa wakidai walirudi kulijibu jibu lile kwa kiasi lilivyostahili.

Upande wa pili nao haukuwa safi. Kuiita arudhi pingu bila ya kuonyesha shairi moja ambalo kina kimelinyonga wazo lake ni kelele tu, hata kama kelele hiyo imevishwa istilahi za kisasa. Mifano ya kuonyesha ipo tele, na ingewauma wanamapokeo kuliko sitiari yoyote ya gereza. Nashuku kwamba haikutafutwa kwa sababu kutafuta kunahitaji kusoma diwani za mpinzani kwa uvumilivu, na pengine kuzipenda kidogo.

Najua patakuwapo wa kunipinga kwamba nalitukuza suto kupita kiasi. Atasema kwamba kusutwa mbele ya majirani ni udhalilishaji, na kwamba wengi waliosutwa walikuwa wanyonge wasio na watetezi. Pingamizi hilo ni la kweli, na mitaa yetu ina mifano ya masuto yaliyogeuka kuwa fujo na ngoma za kumwaibisha mtu. Katika uhakiki, hata hivyo, anayesutwa ni kitabu. Kitabu kimesimama mlangoni tayari, maneno yake hayabadiliki, na msomaji yeyote anaweza kuitwa kuwa shahidi. Mwandishi naye, akiwa hai, ana kalamu. Hatari iliyo kubwa kwetu ni ile ya kumsengenya mwandishi kwa jina la nadharia, ambapo mhakiki huyataja "mapungufu ya kimaudhui" katika sentensi moja na kuhamia sura inayofuata, na hakuna ajuaye ni ukurasa gani uliokosa.

Basi neno lile kwa Kiswahili ni nini? Kwa maana yake ya kale, ya Epictetus na wanafunzi wake, nadhani hatuna haja ya kubuni: ni darasa, au darsa kama wasemavyo pwani, pamoja na ukali wote uliomo. Kwa maana yake ya leo, kama kweli mwandishi amepayuka bila ya ushahidi, tuseme kwamba amefoka, kisha tuonyeshe amefoka wapi. Na kama ameleta ushahidi, basi amesuta, na jina jingine lolote tutakalompa litakuwa ni njia ya kutoroka kwa mlango wa uani. Siliwekei neno la Kiingereza tafsiri moja, kwa kuwa Kiswahili kimekataa kuyafunika kwa jina moja mambo ambayo Kiingereza kimeyafunika.

Insha ya yule msichana niliiomba tena, akaniletea. Katika kurasa zake tano mna madai matatu yanayotaja ubeti na mshororo. Mawili kati ya hayo siwezi kuyapinga, na nimemwandikia hivyo mahali palipokuwa na neno lile. La tatu tulilijadili kwa muda wa saa nzima, diwani ikiwa wazi mezani baina yetu, na hatukukubaliana.